Devota, Vumbi Lile Halijaisha

Devota, mtani wangu,

Getruda anapumua. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, hata kabla ya salamu. Asubuhi hii nilisimama mlangoni kwake nikatega sikio kwa muda mrefu, na kifua chake kilikuwa kimya, bila mluzi. Basi. Sasa naweza kukusalimia. Kamwene, Mngoni wewe.

Nakuandikia nikiwa Chimala, nje ya karakana ya Ambakisye, nimekalia ndoo niliyoigeuza chini juu. Malori ya kwenda Tunduma yanapita mbele yangu. Najua unashangaa. Mimi niliyekuwa nasema sihami Mlandege, pale Iringa, mpaka nibebwe, leo naishi kwenye joto hili, nafagia vumbi la mpunga la watu wengine. Nimehama kwa ajili ya mwanao Getruda. Acha nikueleze yote, maana huku hakuna mtu wa kumweleza. Wengine wanajua nusu, na Getruda mwenyewe anajua mengi mno.

Unakumbuka siku Ambakisye alipotufuata sokoni? Sisi na meza zetu za nyanya za Ilula, na nusu ya kazi yetu ilikuwa kutupa zilizooza. Kijana wa Kinyakyusa, mrefu, mpole, amesoma Dar es Salaam, amekodi ile mashine ya zamani ya kusagia mahindi nyuma ya soko. Akasema anatafuta kina mama wawili wachapakazi, wamsaidie kusindika maganda ya kamba. Ukamtazama juu mpaka chini ukamwuliza, "Kamba hii ya kufungia mbuzi nayo ina maganda?" Alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akatueleza kwamba kamba ni wadudu wa baharini, wanaliwa na watu wenye fedha zao, na kwamba huko viwandani maganda yao yanatupwa marundo kwa marundo yakinuka mpaka majirani wanahama. Ndani ya hayo maganda, alisema, mna kitu kinachoweza kuzuia nyanya zetu zisioze.

Hatukumwamini. Tulikwenda kwa sababu alituita kwa adabu.

Magunia ya kwanza yalipofunguliwa nilidhani nitatapika. Harufu ya bahari ambayo hatujawahi kuiona, imesafiri kwenye turubai kutoka Dar mpaka Iringa. Ukaniambia, "Mhehe, leo umekutana na kitu ambacho hata mbwa wako atakikataa." Lakini tulizoea. Tulisaga maganda makavu yakawa unga wa rangi ya waridi. Tukaloweka unga kwenye tindikali, ukachemka wenyewe bila moto. Tukaupika kwenye kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni. Tukausafisha kwa maji, tukasafisha tena, mpaka harufu ikaisha na ukabaki unga mweupe ambao Ambakisye aliuita kitosani. Ukiuyeyusha kwenye siki, unakuwa mzito kama uji. Ukachovya nyanya moja ndani ya uji huo, ukaiweka dirishani kwako, ukakataza mtu asiiguse. Siku kadhaa baadaye nyanya nyingine za siku ile zote zilikuwa zimeshalegea zinatoa maji, nyanya yako bado imekaza ngozi kama shavu la mtoto. Wauzaji wa soko zima walikuja kuiangalia. Ukasema, "Takataka za watu wa pwani zimekuja kuokoa nyanya za Ilula. Mungu naye ana utani."

Nilikupenda sana siku ile. Sijui kama niliwahi kukwambia.

Kazi ya mashine uliichagua mwenyewe. Ulisema unapenda kelele yake, kwa sababu ukiwa pale unaweza kuimba nyimbo zote za kwaya bila mwalimu kukurekebisha. Mimi nilikuwa kwenye mapipa, nje. Ulikuwa ukitoka na lile vumbi la waridi kwenye kope, kwenye nywele, kwenye mikunjo ya shingo, unasema umejipaka poda ya harusi.

Kisha zikaja chafya. Macho yakawa yanakuwasha. Ukaanza kukohoa kikohozi kikavu ambacho hakikuleta kitu. Kilichotuchanganya ni kwamba Jumapili ulikuwa mzima kabisa, unaimba misa nzima, na Jumatatu kabla ya chai umeshaanza. Tukakiita mafua ya Jumatatu. Ukajiita mvivu mwenyewe. Ambakisye akatununulia barakoa za kitambaa, ukaivaa yako siku mbili tatu ukaitundika kwenye msumari, ukasema inakunyima kuimba.

Na ile siku ya kamba waliopikwa. Sijawahi kuizungumza na mtu. Ambakisye alipata mteja wake mkubwa wa kwanza, akaagiza kamba wabichi kwenye barafu, wakaja na basi, akawakaanga mwenyewe na vitunguu. Alisema ni aibu tunafanya kazi na maganda bila kujua nyama yake. Mimi niligoma. Wewe ulikula mmoja, kwa kishindo, mbele za watu. Midomo yako ikavimba tukiwa tunakutazama. Ikavimba mpaka ukawa huwezi kuifunga. Tukacheka, Devota. Tulicheka wote, na wewe ulicheka kwa mdomo ule ule uliokuwa haufungiki, ukanywa maji, ukalala, asubuhi ulikuwa salama. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje mwili umkatae mdudu uliyekuwa unavuta unga wake kila siku. Sisi watu wa milimani tungejuaje? Hakuna bibi yetu aliyewahi kula kitu kile akatuachia neno.

Ulikwenda Songea kwa Krismasi ukarudi umenawiri. Siku ya kwanza ya kazi ulinikumbatia ukanipa mfuko wa dagaa wa Nyasa. Ukaingia kwenye mashine. Nilikusikia unaimba. Baada ya muda nikasikia mashine inalia tofauti, ule mlio wa kusaga hewa, wakati hakuna kitu kinachotiwa ndani. Nikaita. Nikaacha pipa nikaenda.

Ulikuwa umekaa kwenye gunia, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda, unanitazama. Ulitaka kusema kitu. Mdomo ulisogea lakini hakikutoka chochote isipokuwa mluzi mwembamba, kama filimbi iliyopasuka. Ndani ya bajaji nilikushika mgongo nikakwambia pumua, pumua, kama vile ulikuwa umesahau. Tulipofika kwenye geti la hospitali ulikuwa bado unanibana vidole. Walipokulaza kitandani ulikuwa umeviachia.

Daktari aliniuliza ulikuwa unafanya kazi gani. Nikamweleza. Akasema ni aleji, kwamba maganda yale yana kitu ambacho baadhi ya miili haikivumilii, na unga ukivutwa kila siku mapafu yanafika mahali yanajifunga. Kisha akaniuliza, "Ana watoto?" Nikasema mmoja, binti. Akasema, "Mwangalieni. Mambo haya mara nyingi yanatembea na damu."

Nikaenda msibani na neno hilo kama jiwe ndani ya kiatu.

Unajua kazi yangu msibani kwako ilikuwa nini. Mtani ndiye anayezuia jeneza, ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza mpaka wafiwa wacheke. Nilitamani kukataa. Shangazi zako wakaniambia nikikataa nitakuwa nimekuzika kama mgeni. Basi nikavaa aproni yako ya kazi, nikajifunga kilemba chako, nikatembea kwa madaha yako, nikapiga chafya zako. Watu walicheka, Devota, walicheka huku wanalia. Getruda akatoka kwenye mkeka akaja kunikumbatia, akauficha uso wake ndani ya aproni.

Akaanza kupiga chafya.

Walidhani anaigiza naye. Wakacheka zaidi. Mimi nilimsogeza nikamtazama machoni. Yalikuwa mekundu, na si kwa kulia. Nilivua aproni ile nikaichoma moto nyuma ya nyumba kabla hata hujashushwa kaburini. Niliwaambia ndugu zako maneno ya daktari, mjomba mkubwa akanikatiza, akasema wewe umeuawa na baridi ya Iringa na wala si kitu kingine, kwamba Wangoni hawakuumbiwa baridi ile. Msibani huwezi kubishana na mjomba. Neno lake likabaki ndilo neno la ukoo.

Ambakisye alifunga karakana. Alilia kuliko baadhi ya ndugu zako. Getruda akaenda Mbeya kwa kaka yako, akamaliza kidato cha nne huko. Nikaanza kulala usingizi.

Kisha nikasikia kwamba Ambakisye amefungua tena, safari hii Chimala. Kuna eneo, kuna maji, na wafanyabiashara wa parachichi wa Rungwe wanataka ule uji wa kupaka matunda yasiharibike njiani. Nikasema heri yake. Sikujua jambo moja. Nililijua kwa simu, Getruda mwenyewe alinipigia akiwa na furaha, "Mama mdogo, nimepata kazi! Nipo Chimala kwa kaka Ambakisye!" Na kabla sijajibu, akapiga chafya. Akaomba radhi. Akapiga nyingine.

"Ni vumbi la mpunga tu," akasema. "Huku kila mtu anapiga chafya."

Nilifika Chimala kesho yake. Ambakisye alinipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Mama Isaya, nimemchukua kama mdogo wangu. Yuko ofisini. Hagusi mashine kabisa." Alisema kweli. Alikuwa amejenga chumba cha kusagia peke yake, na mwanzoni, akasema, walikuwa wanasaga maganda yakiwa yamelowa ili vumbi lisipae. Lakini joto la huku si la Iringa. Maganda mabichi yalioza ndani ya nusu siku, majirani wakaja juu, mashine ikawa inaziba. Wakarudi kwenye makavu. Alinieleza hayo akiwa amesimama karibu na dirisha la ofisi, na kwenye kizingiti cha dirisha, Devota, nililiona. Vumbi la waridi. Nikapitisha kidole. Lilikuwa kwenye meza. Lilikuwa kwenye mdomo wa kikombe cha chai cha mwanao.

Getruda amefanana na wewe mpaka inatisha. Anatembea kama wewe. Alinishika mkono akanipeleka kuona kazi yake. Anamwaga ule uji juu ya kioo, unakauka, anaubandua unatoka utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Kuna mama mmoja wa Kisukuma, Mama Kulwa, wanafuga upande wa bondeni, ng'ombe wake alichanwa na pembe ya mwenzake na kidonda kikawa kinatoa funza. Getruda alimpa utando ule akaufunika. Kidonda kikafunga. Mama Kulwa amekuwa akimletea maziwa tangu siku hiyo na anamwita daktari. Getruda alinisimulia macho yakimwaga maji, anayafuta kwa kiganja, anaendelea kusimulia.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mashine, daktari, aproni. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Mama mdogo, mama alikufa kwa baridi. Huku hakuna baridi."

Nikasema, "Getruda, mimi nilikuwepo."

Akasema, "Mama aliiacha kazi hii nusu. Sasa nani aimalizie? Nitavaa barakoa."

Ungekuwa wewe, ungesema hivyo hivyo.

Nilimkalia Ambakisye kooni mpaka akampeleka Getruda hospitali Mbeya, na mimi nikiwa kiti cha nyuma. Daktari wa huko alimpulizisha kwenye kifaa, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza habari zako. Akatwambia kwamba imeshaanza. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo na akasema asikae karibu na unga ule tena. Tukarudi. Njiani Ambakisye akasema ataacha kusaga. Nikamshukuru. Akaongeza, "Mzigo huu tu uliopo umalizike, Mama Isaya. Watu wananisubiri." Nikasema hapana. Akasema nielewe. Alikuwa analia huku anaendesha, na bado alisema nielewe. Ndipo nikajua kwamba mtu anaweza kukupenda na bado akakuua taratibu.

Mzigo ulikuwa unakaribia kwisha. Getruda hakuwa ofisini, nilikuwa nimemweka jikoni pamoja nami, mbali na upepo. Lakini mchana alikwenda kuanua maturubai ya kuanikia maganda kwenye uzio. Maturubai tu. Aliyakung'uta kama mtu anavyokung'uta shuka. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikasikia ule mluzi.

Devota, sikuwahi kudhani nitausikia tena hapa duniani.

Nilimkuta amekaa chini, mikono magotini, mabega juu. Nikampulizia dawa, nikampulizia tena. Ambakisye alimbeba mgongoni mpaka barabarani, lori la mpunga likasimama, tukampandisha juu ya magunia. Hospitali ilikuwa karibu, mshukuru Mungu na mimi nimeshamshukuru. Wakamwekea hewa. Nilisimama ukutani nikakuita jina. Sikusali, sikudanganyi. Nilikutukana. Nilikwambia kama unamtaka mwanao utapita kwangu kwanza, Mngoni mwizi wewe. Sijui kama ulisikia. Jioni alifumbua macho akaomba maji.

Siku ile ile Ambakisye aliikata mikanda ya mashine kwa kisu. Wakaosha kuta, wakachoma maturubai, wakapaka chokaa. Sasa magunia yanayoshushwa hapa yana vipande ambavyo vimeshalowekwa na kupikwa huko yanakotoka, vyeupe, havina harufu, havipaishi kitu. Getruda anavishika kwa mikono yake na hapigi chafya. Daktari amemruhusu, kwa masharti. Wa parachichi wanapanga foleni. Mama Kulwa ameleta wenzake. Kwa hiyo nilihama, nikapanga chumba karibu naye, nikadhani nimekuja kukuandikia barua ya habari njema.

Juzi nilikuwa nampa chai dereva anayeshusha magunia. Nikamwuliza, kwa mazungumzo tu, nani anavitengeneza vile vipande vizuri namna hii. Akasema ni Mafinga, uani kwa mtu mmoja nyuma ya mashine za mbao. Kuna kina mama pale, wengi wao Wahehe wenzangu, akasema. Wanasaga, wanaloweka, wanapika. Nikamwuliza wanasaga makavu au yaliyolowa. Akanishangaa. "Makavu, mama. Yaliyolowa utayasagaje?" Nikamwuliza kama wanakohoa. Akacheka. "Wale? Wamezoea vumbi la mbao. Yupo mmoja tu, macho yamemvimba mpaka wenzake wanamtania."

Nikaacha chai pale pale.

Nilimwendea Ambakisye. Akasema aliwaambia wasage yakiwa yamelowa, kwamba Mafinga kuna baridi, hayaozi. Nikamwuliza kama amewahi kwenda kuona. Akageuza uso akatazama barabara. Getruda alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Aliweka utando aliokuwa ameushika juu ya meza, taratibu, akasema, "Kaka, vile vyeupe sivigusi tena mpaka mama mdogo arudi." Kisha akanitazama mimi. "Nenda. Usiwaambie habari za aleji, hawatakuelewa. Waambie habari za mama."

Nilikuwa nimepanga kuondoka kesho, na lori. Ndiyo maana nimekaa hapa kukuandikia, niagane nawe kwanza, maana kila ninapokwenda sehemu ngumu bado nakutafuta pembeni yangu.

Dereva amenipigia sasa hivi. Yuko Mafinga anapakia. Nilimwomba amwulizie yule mama wa macho jina lake. Anasema anaitwa Tulizo, ana watoto wadogo, na leo hajafika kazini. Wenzake wanasema amebanwa kifua kidogo, kesho atakuja.

Sisubiri kesho, Devota. Getruda ameshasimama barabarani ananisimamishia basi, namwona mkono umenyooka. Pumzika huko uliko, mtani wangu, mwanao nimemshika. Nakuahidi nitaingia kwa Tulizo bila hodi, nitamweleza ulivyokuwa unaimba na ulivyonyamaza, na hatakanyaga tena kwenye ua ule, hata kama itabidi nilale mlangoni kwake.

Basi limesimama.

Mhehe wako,
Esta